Umeambiwa usaini mzigo ambao haujafika: mwongozo kamili kwa Mkristo aliye kwenye kamati ya mapokezi

Swali hili limenijia mara nyingi, kwa simu na kwa kusimamishwa mlangoni baada ya ibada. Anayeuliza ni mzee wa kanisa, mama wa kwaya au katekista. Kijiji kimemchagua kwenye kamati ya mapokezi ya mradi wa madarasa au zahanati kwa sababu kinamwamini. Mzigo unakuja pungufu, karatasi inasema umetimia, na yeye anaambiwa, "Saini hapa."

Wapo wanaosaini huku roho inawauma. Wapo wanaolipuka palepale, "Ninyi ni wezi!", na kabla ya wiki kuisha wao ndio wameitwa wachonganishi, kamati imepata mtu mwingine, na saruji inaendelea kupungua.

Mimi nilikuwa kwenye kundi la kwanza. Nilisaini mifuko 400 wakati stoo ilikuwa na 340, kwa ahadi kwamba 60 inakuja kesho. Haikuja. Fundi alipoona saruji haitoshi aliongeza mchanga kwenye zege, na sakafu ya darasa la mwisho ikaanza kumeguka kabla mwaka haujageuka. Ukipitisha kiganja pale chini unanyanyuka na unga wa kijivu. Watoto wanakaa juu ya unga huo, na saini yangu iko kwenye faili.

Kwa hiyo jambo moja likae wazi tangu mwanzo. Wajibu wako wa kwanza si kumkamata mwizi. Ni kutoweka jina lako chini ya uongo. Hatua zote zifuatazo zinategemea hilo, na ukibadilisha mpangilio utaumia bure.

## Vitu vya kuwa navyo kabla mzigo haujaja

Daftari la kurasa zilizoshonwa na kalamu ya wino. Karatasi za kuchanwa hupotea, na daftari ambalo kurasa zake zinachomoka halimshawishi mkaguzi.

Nakala ya hati ya kuagizia vifaa na mchanganuo wa mhandisi. Bila hizi hujui kilichotakiwa kuja, na utabaki kuhesabu bila cha kulinganisha nacho. Omba nakala siku ya kwanza ya kamati, mapema, kabla mtu yeyote hajaanza kuliona swali lako kama shutuma.

Futi ya kupimia na simu yenye kamera.

Watu wawili. Mmoja awe ndani ya kamati, mtakayehesabu naye. Mwingine awe nje ya mradi kabisa, mchungaji au mzee anayejua kunyamaza, wa kuomba naye na kukuambia unapokosea.

Mwenzi wako wa ndoa. Mweleze mapema. Maneno mengi ya vitisho hayapelekwi kwako, yanapelekwa kwa mke wako kisimani au kwa mume wako kijiweni, na asiyejua kitu nyumbani atakuwa wa kwanza kukusihi usaini yaishe.

Mikono safi. Hapa usipite haraka. Adui za Danieli walimtafutia kosa katika kazi yake ya utawala wasilipate (Danieli 6:4), ndipo wakahangaika na sala zake. Kama uliwahi kuchukua posho ya kikao ambacho hukuhudhuria, au ulibeba mifuko miwili ya saruji ukamalizie choo chako, irudishe kwanza na uandikishe. Vinginevyo siku utakayosema "mzigo haujatimia", hiyo mifuko miwili ndiyo itakayojadiliwa.

## Hatua ya 1: Hesabu kwa mkono wako

Usipokee hesabu ya dereva wala ya fundi. Simama kwenye mlango wa stoo, mwenzako asimame ndani, kila mmoja ahesabu kivyake, kisha mlinganishe.

Saruji ipangwe mafungu ya mifuko kumi kumi, ili hesabu ionekane kwa macho na anayekuja kesho aweze kuirudia. Nondo uhesabu vipande na upime unene, maana nondo ya milimita 10 ikiwa kwenye fungu lililofungwa inafanana sana na ya milimita 12. Bati ni hivyo hivyo: geji 30 ni jembamba kuliko geji 28, na likishapigwa juu ya kenchi hakuna atakayepanda kulipima. Lipime chini. Mchanga na kokoto usikubali neno "tripu" peke yake. Pima urefu, upana na kina cha sanduku la lori, andika, kisha uone kama limejaa.

Kuna mchezo unaojirudia mno: gari linafika saa mbili usiku, mvua inataka kunyesha, dereva ana haraka, kila mtu amechoka. Usihesabu usiku. Mzigo uingie stoo, mlango ufungwe kwa kufuli mbili, funguo zikae kwa watu wawili tofauti. Kwenye hati ya dereva andika: "Mzigo umeingia usiku, haujahesabiwa. Utahesabiwa kesho saa moja asubuhi mbele ya kamati." Dereva akikataa kungoja, aondoke na karatasi yenye maneno hayo.

Wapo watakaokuambia kuhesabu hivi ni kukosa imani na watu. Wafungulie Ezra sura ya 8. Ezra aliwapimia makuhani fedha, dhahabu na vyombo vya nyumba ya Mungu kabla ya safari. Walipofika Yerusalemu, siku ya nne vyote vikapimwa tena, kwa hesabu na kwa uzani, na uzani wote ukaandikwa. Hao walikuwa makuhani, na safari yao walikuwa wameifungia. Hakuna aliyetukanwa kwa kuhesabiwa.

*Umefaulu ukiwa na:* ukurasa mmoja wenye tarehe, saa, namba ya gari, aina ya vifaa, idadi, na saini mbili, pamoja na picha ya mafungu yalivyopangwa.

## Hatua ya 2: Tenganisha ulichokiona na unachokidhania

Piga mstari katikati ya ukurasa. Kushoto andika ulichokiona na kukihesabu. Kulia andika unachokidhania.

Kushoto: "Mifuko 340 imeingia. Hati inasema 400." Kulia: "Nadhani mwalimu mkuu na mzabuni wamegawana."

Sasa funika upande wa kulia. Upande huo hautoki kinywani mwako, hata kwa mchungaji, mpaka upate ushahidi. Amri ya kutomshuhudia jirani yako uongo inamlinda hata jirani unayemshuku. Na ninajua mradi ambao pungufu ya nondo ilitokana na gari la pili kukwama kwenye tope siku tatu. Aliyetangaza wizi alilazimika kuomba radhi mbele ya kijiji, na tangu hapo hakusikilizwa hata alipokuwa na haki.

Sababu nyingine ni ya kiroho zaidi. Mtu aliyechanganya safu hizi mbili huanza kufurahia kosa la mwenzake. Ukijikuta unatamani ile mifuko 60 isije, ili uonekane ulikuwa sahihi, simama uombe kwanza.

## Hatua ya 3: Mwendee mhusika peke yake

Mathayo 18:15 inasema wewe na yeye peke yenu. Si kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, wala kwa fumbo kwenye maombi ya Jumatano. Nenda ofisini kwake mchana, na daftari mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mzee. Karibu."

"Asante. Nimekuja kwa jambo dogo la stoo. Jana tumehesabu na mwenzangu tumepata mifuko 340. Hati inasema 400. Nimeona nikuulize wewe kwanza, labda kuna gari lingine ninalolisubiri bila kujua."

Halafu nyamaza. Usijaze ukimya kwa maelezo. Ukiuliza hivi umempa mlango wa kurudi bila kuaibika, na watu wengi huutumia. Mzigo uliosemekana umetimia huonekana ghafla "ulisahaulika dukani kwa mzabuni". Ukija, uhesabu, uuandike, mshukuru. Usimfuate na maneno.

Tahadhari mbili. Usikubali kikao hiki kihamie baa au nyumbani kwa mzabuni jioni. Na ukipewa "ya soda", irudishe palepale, mezani, kwa maneno machache: "Nashukuru, Mwalimu, hii siwezi kuipokea." Usiende nayo nyumbani kuifikiria. Bahasha iliyolala kwako usiku mmoja ina hadithi tofauti asubuhi.

*Umefaulu ikiwa:* amekupa jibu lenye tarehe, na umeiandika tarehe hiyo kwenye daftari akiona.

## Hatua ya 4: Saini kilichofika, hicho tu

Hii ndiyo hatua wengi hawaijui. Wanadhani wana njia mbili, kusaini au kukataa. Iko ya tatu, ambayo ni kusaini ukweli.

Chukua hati, na kwenye nafasi ya mpokeaji andika kwa tarakimu na kwa maneno:

"Imepokelewa mifuko 340 (mia tatu na arobaini) kati ya 400. Mifuko 60 (sitini) haijapokelewa hadi leo."

Weka tarehe, jina na saini. Nafasi zilizobaki tupu zipige mstari ili asiongeze mtu neno. Piga picha kabla hujaachia karatasi.

Faida yake ni kubwa. Ukikataa kusaini kabisa, watasema unakwamisha maendeleo, na watapata wa kuwaamini, kwa sababu fundi anadai na watoto wanasomea chini ya mwembe. Ukisaini kilichofika, mzabuni anaweza kulipwa alichostahili, kazi inaendelea, na uongo haukupata jina lako. "Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Hapa ndiyo yako ni 340 na siyo yako ni 60.

Ikija hati nyingine safi, "ile ya kwanza imechafuka", andika maneno yaleyale. Ukiambiwa mhasibu hapokei hati yenye maelezo, jibu kwa upole kwamba utafurahi mhasibu akuambie mwenyewe. Usisaini karatasi tupu hata ya mahudhurio. Kumbuka pia kwamba hili haliishii dhamirini: Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalihesabu kuwa kosa la jinai kutumia nyaraka za uongo kumdanganya mwajiri, na mwenye saini ndiye anayeitwa wa kwanza.

## Hatua ya 5: Upinzani ukianza

Utaanza. Soma Nehemia sura ya 6 usiku wa siku uliyosaini, kwa sababu kila kitakachokujia kimo humo, na kwa mpangilio karibu uleule.

Kwanza, mialiko. Sanbalati na Geshemu, waliopinga Nehemia asijenge ukuta wa Yerusalemu, walimwita bonde la Ono mara nne. Wewe utaitwa "tuongee kama watu wazima". Utaambiwa mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Jibu la Nehemia lilikuwa lilelile mara zote nne: ana kazi, hawezi kushuka. Nawe tafuta sentensi moja, fupi, uirudie bila kuipamba: "Nimeandika nilichohesabu. Mifuko ikija nitaandika imekuja." Kila maelezo unayoongeza ni kamba ya kukufungia.

Kisha, uvumi. Sanbalati alituma barua iliyo wazi, isomwe njiani na kila mtu, kwamba Nehemia anataka ufalme. Kwako watasema unataka uenyekiti, au ulitaka mgawo mkubwa ukakosa. Nehemia alikana mara moja tu, kwa sentensi moja, akarudi ukutani. Kana mara moja mbele ya watu wanaohusika. Usizunguke nyumba kwa nyumba kujisafisha.

Kisha, sauti ya dini. Hii ndiyo iliyoniuma mimi kuliko zote. Shemaya alimshauri Nehemia akajifiche hekaluni, maneno yenye harufu ya unabii, kumbe amekodiwa. Atakuja ndugu wa imani, pengine mliyebatizwa naye siku moja, akuambie: "Mtumishi, usihukumu usije ukahukumiwa. Mpende adui yako. Na yule ndiye aliyetuahidi mabati ya kanisa." Msikilize hadi mwisho, usimkemee. Kisha muulize jambo moja: "Ndugu yangu, ungekuwa wewe ungeandika 400?" Kuandika idadi ya mifuko si kumhukumu mtu. Na mabati ya kanisa yanayolipwa kwa sakafu ya watoto, mimi nisingependa kusali chini yake.

Mwisho, vitisho. Simu bila namba. "Utaona." Asubuhi unakuta kitambaa chekundu na yai kizingitini. Vitu hivyo usiviruke kimyakimya ukabaki na hofu, wala usivifanyie maonyesho. Piga picha, ita familia, ombeni, choma, andika tarehe kwenye daftari. Kama kitisho ni cha mwili au mali, mweleze mwenyekiti wa kitongoji na utoe taarifa polisi siku hiyohiyo. Paulo alipojua kuna njama ya kumuua, hakusema tu kwamba ana imani. Alimtuma mpwawe kwa jemadari (Matendo 23:16-17), na jemadari akampa askari.

Tahadhari moja juu ya ulimi wako. Paulo huyohuyo, alipopigwa kinywani mbele ya baraza, alimwita kuhani mkuu ukuta uliopakwa chokaa. Alipoambiwa ni nani, alirudi nyuma kwa maneno yake. Ukimtukana mwalimu mkuu kwa hasira, mwombe radhi kwa tusi, siku hiyohiyo, na usiondoe neno hata moja katika hesabu. Watu watashangaa kwamba mambo hayo mawili yanaweza kukaa kwa mtu mmoja.

*Umefaulu ikiwa:* wiki ya tatu sentensi yako ni ileile ya siku ya kwanza, na bado unaweza kumsalimu kila mmoja wao.

## Hatua ya 6: Peleka juu kwa ngazi

Tarehe aliyokupa mhusika ikipita bila mzigo, panda ngazi moja moja, kwa maandishi.

1. Kamati yenyewe. Omba suala liingie kwenye muhtasari wa kikao. Likikataliwa kuingia, andika barua kwa katibu na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri au kusainiwa kuwa imepokelewa.
2. Serikali ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila miezi mitatu. Pale uliza swali moja la namba, ukiwa na daftari. Usimtaje mtu.
3. Mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mkaguzi wa ndani.
4. TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kupambana na rushwa, ofisini kwao au kwa simu namba 113, ambayo ni bure.

Kama una sababu ya kuamini kwamba ngazi ya chini imo ndani ya mchezo, ruhusa unayo ya kuiruka. Paulo alipoona Festo anataka kumrudisha Yerusalemu kwa wanaomwinda, alikata rufani kwa Kaisari. Tanzania inayo Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Mwambie ofisa tangu mwanzo kwamba unataka jina lako lihifadhiwe.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, safu ya kushoto tu, na ikiwezekana isainiwe na zaidi ya mmoja. Mwezi Februari 1977, baada ya nyumba ya Askofu Mkuu Janani Luwum kupekuliwa, maaskofu wa Kanisa la Uganda walimwandikia Idi Amin kwa majina yao, pamoja, wakieleza yanayotendeka nchini. Tarehe 16 mwezi huohuo Luwum aliuawa. Siandiki haya ili kukutisha kwa ajili ya mifuko ya saruji. Ninayaandika kwa sababu mtu anapokuja kuniuliza kama Mungu atahakikisha hapati hasara, siwezi kumwambia ndiyo. Kwa hiyo zungumza na nyumba yako mjue mnaweza kubeba nini, kisha mwende ngazi inayofuata mkiwa pamoja.

## Hatua ya 7: Ukiondolewa kwenye kamati

Hutokea mara nyingi, na wengi huharibu kazi yao hapa, kwa kuondoka kwa hasira bila makabidhiano.

Omba barua ya kuondolewa. Wasipoitoa, andika wewe kwamba umeambiwa kwa mdomo tarehe fulani. Kabidhi ufunguo wako mbele ya shahidi. Hesabuni stoo siku hiyo, fungu kwa fungu, mpokeaji asaini idadi anayoipokea. Usipofanya hivyo, kila kitakachopungua mwezi ujao kitakuwa chako.

Nakala na picha zihifadhi nje ya nyumba yako, kwa yule mtu wa pili uliyemchagua mwanzoni. Wakaguzi huweza kuja muda mrefu baada ya jengo kuzinduliwa. Wakija, wape daftari lote, pamoja na kurasa ulizokosea wewe. Langu lina ukurasa wa mifuko 400. Nimeandika pembeni yake, kwa wino mwingine na tarehe ya siku nilipoandika: "Hesabu ya kweli ilikuwa 340. Nilisaini uongo." Nilimpelekea pia mtendaji nakala ya ukurasa huo.

Na mwalimu mkuu akifiwa, nenda msibani. Beba kuni kama wengine.